Nimeangushwa mara tatu: je, uwezo wa kuhimili ngumi huongezeka kwa mazoezi?

Kijana wa Katuba ameuliza:

Wakubwa zangu na wenzangu katika mchezo huu, nawasalimu. Nina umri wa miaka 22, naishi Katuba hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika ngumi za ridhaa. Hadi mwaka jana mgongo wangu haukuwahi kugusa sakafu ya ulingo. Lakini katika miezi mitano iliyopita nimeangushwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Likasi, katika pambano la kirafiki, nikasimama mwamuzi alipofika nane katika ile hesabu ya kumi ya aliyeanguka. Mara ya pili ilikuwa mazoezini. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi iliyopita, na siku hiyo mwamuzi alimaliza kuhesabu nami bado naitafuta kamba kwa mkono. Wenzangu wa klabu wameanza kusema kwamba kidevu changu ni chungu ambacho hakijachomwa.

Kocha wangu anaamini kwamba kichwa huota sugu kama kiganja cha mkulima. Kwa sababu hiyo, tangu nilipoanguka mara ya pili, amekuwa akinisimamisha ukutani mikono ikiwa nyuma, na mwenzangu mwenye glovu za aunsi 16 ananipiga kwenye paji la uso na kwenye taya, ngumi ishirini kila upande, si kwa nguvu zote, ili nizoee. Jana tulilirudia zoezi hilo, ingawa kichwa kilikuwa bado kinaniuma kidogo tangu Jumamosi. Kocha huyu namheshimu kama mzazi, kwa maana hata kufunga bandeji mikononi ni yeye aliyenifundisha, na siandiki hapa ili kumsema vibaya. Ninachotaka kujua ni kama uwezo wa kupokea ngumi bila kuanguka unaweza kweli kuongezeka kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nao na mambo yakaishia hapo. Na kama unaongezeka, je, njia yenyewe ndiyo hii ya ukutani?

Kilo Sabini na Tano amejibu:

Mdogo wangu, mimi nasema unaongezeka, na ushahidi wangu ni mwili wangu mwenyewe. Nilipoanza ngumi, kila aliyenigusa usoni aliniona nikiyumba kama mtu aliyetoka kunywa. Nilikuwa nikifumba macho, nikishika pumzi, na baada ya raundi moja miguu ilikuwa mizito kama iliyojaa mchanga. Baada ya miaka miwili ya kupigana mazoezini, ngumi zile zile, za watu wale wale, zilikuwa zinanipita kama mvua ya rasharasha. Nilipigana kwa miaka tisa na nilihesabiwa mara mbili tu. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba mtu huzaliwa na kidevu chake kama anavyozaliwa na rangi ya macho. Habari ya ukutani, hiyo sikuipitia, na sitaisemea. Lakini kujificha ngumi siku zote hakumfanyi mtu awe bondia.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Kabla ya mjadala wa kidevu kuendelea, naomba Kijana wa Katuba asome kwanza maneno haya, kwa sababu ndani ya swali lake kuna jambo ambalo si la mjadala. Umehesabiwa hadi mwisho Jumamosi, kichwa kinakuuma hadi leo, na jana umekubali kupigwa kichwani tena. Hayo matatu hayapaswi kukutana katika wiki moja.

Mtu aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwa na kushindwa kusimama amepata mtikisiko wa ubongo, hata kama alitembea mwenyewe hadi nyumbani na kula chakula chake vizuri. Kuumwa kichwa, kuchukia mwanga mkali, kusinzia ovyo au kukosa usingizi, kusahau sahau na kukasirika bila sababu ni dalili kwamba ubongo haujapona. Katika siku hizo, pigo jingine, hata dogo ambalo siku nyingine usingelihisi, linaweza kusababisha uvimbe wa ghafla ndani ya fuvu, na vijana wa umri wako ndio wanaotajwa zaidi katika vifo vya namna hiyo. Kanuni za ngumi za ridhaa zinampumzisha bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa kwa siku zisizopungua 30, na mapumziko hayo yanahusu mazoezi ya kupigana pia, si mashindano peke yake. Akiangushwa hivyo mara mbili ndani ya miezi mitatu, muda huo unafika siku 90.

Nenda ukamwone daktari wiki hii. Ukitapika, ukiona vitu viwiviwili, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje asubuhi. Baada ya siku mbili za mwanzo unaweza kutembea na kufanya mazoezi mepesi ambayo hayaongezi maumivu. Kutoka hapo unapanda hatua moja moja, kila hatua isipungue saa 24, na mapigo ya kichwa yawe ya mwisho kabisa kurudi, tena kwa ruhusa ya daktari. Huko kazini nimewahi kumpokea kijana aliyeletwa na wenzake baada ya mazoezi, wakidai kwamba amechoka tu. Sitaeleza yaliyofuata.

Kona Nyekundu amejibu:

Mwanangu wa Katuba, mtii muuguzi kwanza, kisha uje usome haya yangu, ambayo hayana haraka. Nimefundisha ngumi hapa mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali lako nimeulizwa mara nyingi kuliko swali jingine lolote, mara nyingine na mama wa bondia.

Ngumi ya kidevu haiangushi mtu kwa uchungu. Waulize walioangushwa, wengi watakuambia kwamba hawakusikia kitu, waliona taa za juu tu. Kidevu kiko mbali na mahali kichwa kinapozungukia, na kama vile mwiko mrefu unavyompa mama nguvu ya kusonga bukari, yaani ugali, wa sufuria kubwa, ndivyo ngumi inayofika kwenye ncha ya kidevu inavyokizungusha kichwa kizima kwa urahisi. Fuvu linageuka ghafla, ubongo ulio laini na unaoelea katika maji yake unachelewa kidogo, halafu unavutwa kufuata. Nyuzi zake zinanyooshwa na kusokotwa, na kwa muda mfupi amri hazifiki miguuni. Sasa niambie, ni sehemu gani hapo itakayoota sugu? Kiganja cha mkulima huota sugu kwa sababu ngozi hujijenga upya kila siku, tena ikiwa nene kuliko jana. Nyuzi za ubongo zilizoharibika hazina desturi hiyo. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alikwisha kuandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea na kuzungumza kama walevi ilhali hawajanywa, na waliofikia hali hiyo ni wale waliopigwa sana kwa miaka mingi, si wale ambao hawakuzoea. Kwa hiyo kama kichwa kingekuwa kinazoea, wazee wa mchezo huu ndio wangekuwa wagumu kuwaangusha. Tunachokiona ni kinyume chake: bondia aliyesimama imara akiwa na miaka 25 anaanguka kwa makofi akiwa na miaka 36.

Hata hivyo Kilo Sabini na Tano hakusema uongo. Kilichobadilika kwake ni vitu vinavyokizunguka kichwa, na katika hivyo ninaanza na macho, kwa sababu miaka yote hii sijaona jambo linalookoa mabondia kama hilo. Ngumi unayoiona inakuja, hata usipoikwepa, shingo yako inakaza kabla haijafika, meno yanabana kinga ya mdomo, kidevu kinashuka, na kichwa kinakwenda nayo kidogo. Nguvu iliyobaki ni ndogo kuliko ile iliyotupwa. Ngumi usiyoiona inakikuta kichwa kikiwa kimelegea kama embe kwenye kikonyo chake. Mwanafunzi mpya hufumba macho, kwa hiyo kwake ngumi zote ni za namna hiyo ya pili. Akizoea kupigwa kidogo kidogo, katika mazoezi mepesi na mtu anayejua kuzuia mkono wake, woga unapungua, macho yanabaki wazi, pumzi inatoka badala ya kushikwa. Atasema kidevu kimekomaa, na mimi sitamkatalia kwa sababu anaponieleza anakuwa amefurahi sana. Lakini angalia: mazoezi hayo yanafanyika mtu akiwa na mikono yake mbele, akiona, akijibu. Ukutani, mikono ikiwa nyuma, unajifunza nini? Unajifunza kungoja ngumi bila kufanya chochote, na hilo ndilo jambo ambalo tunatumia miaka kulitoa mwilini mwa bondia.

Shingo nayo hujengwa. Mwombe mwenzako aweke kiganja kwenye paji lako la uso na kusukuma, nawe usikubali kichwa kisogee, hesabu hadi kumi. Kisha kisogoni, kisha kila upande. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, kwa subira, na uache zile daraja za kusimamia kichwa ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zinapendeza kutazamwa, kwa maana zinaumiza pingili za shingo. Miguu pia ni sehemu ya kidevu. Bondia ambaye miguu yake imesimama katika mstari mmoja ataangushwa na ngumi ambayo mwenye miguu iliyopanuka angeipokea na kurudi hatua moja nyuma, na mwamuzi hamwulizi mtu kama alianguka kwa ubongo au kwa kujikwaa.

Usijihukumu kwa kuanguka, mwanangu. Sisi wa Lubumbashi tuna Sumbu Kalambay, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1956 na kwenda kupigana Italia. Mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley akawa bingwa wa dunia wa WBA, mojawapo ya vyama vya ngumi za kulipwa, katika uzito wa kati, na Machi 1988 akamshinda Mike McCallum, mtu ambaye hadi siku ile hakuwa amefungwa na yeyote. Machi 1989, huko Las Vegas, Michael Nunn alimlaza kwa ngumi moja ya mkono wa kushoto katika raundi ya kwanza, hata dakika moja na nusu haijatimia. Wengi walisema amekwisha. Mwaka 1991 alirudi kwa McCallum yule yule, wakaenda raundi zote 12, naye akashindwa kwa kura za waamuzi waliogawanyika. Kidevu kilichosimama raundi 12 mwaka 1991 ni kile kile kilicholala mwaka 1989.

Sasa nina maswali mawili kwako, na naomba ujibu bila aibu. Unapigana katika uzito gani, na siku za kawaida una kilo ngapi? Na zile ngumi tatu zilizokuangusha, uliziona?

Jukwaa la Mashariki amejibu:

Mimi si bondia, ni mtazamaji tu, lakini mtazamaji wa siku nyingi, na maneno ya Papa Kona Nyekundu yamenikumbusha Wladimir Klitschko, bondia wa uzito wa juu kutoka Ukraine. Mwaka 2003 Corrie Sanders alimwangusha mara kadhaa na kummaliza katika raundi ya pili, na Aprili 2004 Lamon Brewster akamsimamisha katika raundi ya tano. Wakati huo kidevu chake kilikuwa kichekesho cha dunia nzima. Kisha kutoka hapo hakushindwa tena hadi Novemba 2015, alipokutana na Tyson Fury. Miaka kumi na moja! Je, kidevu kiliota chuma? Septemba 2005 Samuel Peter alimwangusha mara tatu katika pambano moja, na bado Klitschko akashinda kwa pointi. Akiwa na kocha wake Emanuel Steward alijifunza kumweka mpinzani mbali kwa mkono wa mbele, kumkumbatia na kumlalia anaposogea karibu, na kutopaniki anapoinuka kutoka sakafuni. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba swali la kidevu haliulizwi mara nyingi. Lilipoulizwa tena kwa sauti kubwa mwaka 2017, mbele ya Anthony Joshua, jibu lilipatikana katika raundi ya 11, aliposimamishwa na kushindwa.

Kuna wanaotoa mfano wa Muhammad Ali hapa kwetu, Kinshasa, usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, wakidai kwamba alishinda kwa kupokea ngumi. Ukiitazama picha ya pambano lile kwa utulivu utaona jambo tofauti. Ali alikuwa na miaka 32 na mpinzani wake, bingwa George Foreman, 25, na Foreman alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi mbili mbili. Ali aliegemea kamba, glovu zikiwa usoni, viwiko vikiwa mbavuni, kichwa kikipinda nyuma nje ya ulingo, na sehemu kubwa ya zile ngumi nzito iliishia mikononi na mabegani. Kila Foreman alipokaribia, Ali alimshika shingo. Katika raundi ya nane Foreman alikuwa amechoka, akaanguka yeye. Kupokea ngumi kwenye mikono ni ufundi, na hapo kidevu hakikuhusika sana.

Upande wa pili wa hadithi hautajwi sana barazani. Ali alikuwa na mazoea ya kuwaruhusu wenzake wa kambini wampige mazoezini, akiamini kwamba mwili utazoea, yaani imani ile ile ya kocha wa kijana wetu. Oktoba 1980, mbele ya Larry Holmes ambaye aliwahi kuwa mwenzake wa mazoezi, watu wa kona yake walilazimika kulisimamisha pambano baada ya raundi kumi za kupigwa bila majibu. Mwaka 1984 akatangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana kwa miaka mingi juu ya kiasi ambacho ngumi zilichangia, na mimi si daktari. Lakini sijasikia hata mmoja akidai kwamba zile ngumi za mazoezini zilimsaidia.

Kilo Sabini na Tano amejibu:

Papa Kona Nyekundu, nimekusoma mara mbili, na nakubali kwamba nilichokiita kidevu huenda kilikuwa macho na pumzi. Ila kuna sehemu moja nitaing'ang'ania, nayo ni tumbo. Huko nina hakika kwamba mwili hukomaa. Tulikuwa tukirushiana mpira mzito tumboni kila jioni, na ngumi za mbavu ambazo mwanzoni zilinikunja zilikuja kuwa kama kugongwa na kiwiko ndani ya basi. Au na hilo utaniambia ni macho?

Kona Nyekundu amejibu:

Hapana, hilo nakupa lote, au karibu lote. Tumbo lina misuli, na misuli hujengwa. Bondia anayejua kutoa pumzi kwa kishindo wakati ngumi inapofika atasimama pale ambapo mwingine angekunjika. Ninasema karibu lote kwa sababu ya ini. Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu za mwisho, na sehemu yake haifunikwi vizuri na mfupa wala na misuli. Ngumi fupi ya mkono wa kushoto ikiingia pale kutoka chini, mtu anabaki amesimama kwa sekunde moja kana kwamba hakuna kilichotokea, hata anaweza kutupa ngumi yake. Halafu shinikizo la damu linashuka, miguu inakataa, naye anapiga goti akiwa na akili zake timamu, anamsikia mwamuzi akihesabu, anataka kusimama, na mwili haumpi ruhusa. Mpira mzito hausaidii hapo. Kiwiko kilichokaa mahali pake ndicho kinachosaidia.

Kijana wa Katuba amejibu:

Wakubwa wangu, samahani kwa kunyamaza siku nne. Nilifuata neno la muuguzi, nikaenda kumwona daktari. Amenipima, amenikataza mapigo ya kichwa kwa miezi mitatu kwa sababu ya zile mara mbili za karibu, na amesema nirudi kwake kabla ya kuvaa glovu za kupigana. Kichwa kiliacha kuuma juzi.

Nikijibu swali la kwanza la Papa Kona Nyekundu: mwaka jana nilikuwa napigana katika kilo 63.5, na mwili wangu wa kawaida ulikuwa kama kilo 65. Mwaka huu klabu ilikuwa na mtu mwingine mzuri katika uzito huo, kwa hiyo nikashushwa hadi kilo 60. Kabla ya Likasi nilitoa kilo tano katika siku sita. Nilikuwa nakimbia mchana nikiwa nimevaa koti la plastiki, na siku ya mwisho sikunywa maji kabisa, nilikuwa nasukutua mdomo na kutema. Jumamosi iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Ile ya mazoezini ilitokea siku tatu kabla ya kupimwa uzito. Sikuwahi kuziunganisha habari hizi mbili hadi nilipoliona swali lako, kwa kuwa siku ya pambano nilikuwa nimekwisha kula bukari na samaki, nikajiona nimerudi.

Swali la pili limeniumiza zaidi. Binamu yangu alilipiga video pambano la Jumamosi kwa simu. Nililikwepa kulitazama kwa sababu ya aibu. Juzi usiku nimelitazama polepole. Kila ninapotupa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unashuka hadi kifuani na kidevu kinapanda, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Na macho yangu, Papa, yanaiangalia glovu yangu mwenyewe. Nilikuwa nawaambia watu kwamba jamaa alinipiga kwa ngumi ya kulia. Katika video ni ya kushoto. Sikuiona, na hata mkono uliotumika sikuujua.

Kona Nyekundu amejibu:

Hapo umefanya kazi ambayo mabondia wengi hawaifanyi hadi wanastaafu.

Rudi kwenye kilo 63.5, hata kama itabidi umngoje huyo mwenzako kwa mwaka mzima au umshinde ndani ya klabu. Mwili uliokaushwa kwa siku sita haurudi kwa sahani moja ya bukari, hata bukari ikiwa ya mama mzazi. Maji yanachukua muda kurejea kwenye damu na misuli, na kichwa cha mtu aliyekauka kinapokea ngumi vibaya kuliko cha mtu huyo huyo akiwa ameshiba maji. Kwa maoni yangu, kuanguka kwako kote kulianzia kwenye mizani.

Katika hii miezi mitatu fanya kazi ya shingo, ya miguu, na ya kioo. Simama mbele ya kioo, shikilia mpira wa tenisi kati ya kidevu na kifua, na utupe ngumi zako zote bila kuuangusha, polepole mwanzoni, mkono usiotupa ngumi ukiwa kwenye shavu. Ukiudondosha, umeangushwa; anza upya. Raundi tatu kila siku zinatosha. Daktari akikuruhusu, mazoezi ya kupigana yawe mepesi, na yale ya nguvu yahesabiwe kama mtu anavyohesabu fedha zake za mwisho wa mwezi.

Kocha wako amesemaje?

Kijana wa Katuba amejibu:

Sikuweza kumwambia kwa maneno, kwa hiyo nilimpa simu aitazame video. Alinyamaza kimya. Akairudisha nyuma mara nne pale kidevu kinapopanda, akaniuliza kwa nini sikumwonyesha mapema, kisha akasema kwamba ukuta tutauacha kwanza. Habari ya uzito amesema ataifikiria.

Mpira wa tenisi sina, Papa. Nimekunja soksi mbili pamoja.

Kona Nyekundu amejibu:

Soksi zinafaa. Zifunge vizuri zisifunguke.